Kula baada ya Isha: yaliyothibiti katika dini na yaliyoongezwa njiani

Kila Ramadhani inapokaribia, simu za watu wa Ujiji, Gungu na Kibirizi hapa Kigoma hujaa jumbe za nasaha kuhusu chakula. Mmoja unasema Mtume (s.a.w.) amekataza kula baada ya Isha. Wa pili unasema, kwa jina lake huyohuyo, kwamba mtu asilale na njaa kwa kuwa kuacha chakula cha usiku huharakisha uzee. Wa tatu unasema tumbo ni nyumba ya maradhi. Ukizisoma zote kwa pamoja hujui ule au usile. Na mama anayepakua ugali saa tatu usiku, kwa sababu mume ndiyo kwanza amerudi kutoka mwaloni, anabaki na wasiwasi kwamba sinia lake lina kasoro mbele ya Mwenyezi Mungu.

Wasiwasi huo hauna msingi, na mama huyo anastahili kuondolewa wasiwasi kwa ushahidi. Hakuna aya wala hadithi sahihi inayomwekea mtu asiyefunga saa ya mwisho ya kula usiku. Yapo mafundisho thabiti kuhusu kiasi cha chakula, kuhusu chakula kinapokutana na swala, na kuhusu namna ya kuupanga usiku. Yapo masimulizi dhaifu. Zipo pia nasaha za matabibu wa kale, nyingi zikiwa nzuri, ambazo hazikutoka kinywani mwa Mtume. Vurugu imeanza pale makundi haya yalipochanganywa na kupewa sauti moja.

Watu wa Madina walijua milo miwili, wa asubuhi na wa jioni. Qur'ani inapoeleza neema za peponi katika Surat Maryam aya ya 62 inasema wakazi wake watapata riziki yao humo asubuhi na jioni, na wafasiri wameeleza kwamba Mwarabu wa zama zile aliyejaliwa milo hiyo miwili alihesabiwa kuwa mtu wa neema. Hata hiyo miwili haikuwa na uhakika. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa walikuwa wakiona miandamo mitatu ndani ya miezi miwili bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume, walichokuwa wakiishi nacho ni tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani wa Kiansari, yaani Waislamu wenyeji wa Madina. Hili likumbukwe na kila anayezungumzia chakula kwa jina la dini, kwa sababu mafundisho haya yalishushwa kwa watu walioijua njaa.

Mlo wa jioni uliliwa lini? Hadithi ya Anas bin Malik katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari inatupa dalili. Mtume alisema kikiletwa chakula cha jioni basi anzeni nacho kabla ya kuswali Maghribi, wala msikiharakishe. Maana yake chakula kilikuwa kikifika jamvini jua linapozama. Imepokewa pia kuwa Ibn Umar alikuwa akitengewa chakula, swala ikakimiwa, naye haendi mpaka amalize, huku akisikia kisomo cha imamu. Na katika Sahihi Muslim, Bi Aisha amepokea kwamba hakuna swala mbele ya chakula kilichohudhurishwa. Wanazuoni wameeleza sababu: mwenye kuswali huku roho iko kwenye sufuria hana unyenyekevu kamili. Hii ni ruhusa kwa aliyetengewa chakula na nafsi yake inakitaka. Haikuwekwa ili mtu apange kila siku mlo wake ugongane na swala ya jamaa, na hapo ndipo wengine wanapoitumia vibaya.

Baada ya hapo kuna hadithi ya Abu Barza, kwamba Mtume alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Naye Bi Aisha alipoulizwa kuhusu usiku wa Mtume alisema alikuwa akilala mwanzo wake na kuamka mwisho wake. Ukiziunganisha hadithi hizi unapata usiku uliopangika: chakula huku na huku ya Maghribi, kisha Isha, kisha kitanda, kisha kuamka kwa ibada. Mpangilio huu ni mzuri na mimi naupenda. Lakini kuwa mzuri hakuufanyi ulio kinyume chake kuwa haramu.

Anayetaka kuharamisha kula baada ya Isha ana hadithi moja nzito ya kuijibu, nayo iko katika Bukhari na Muslim. Maskini wa Suffa, waliokuwa wakiishi msikitini Madina, waligawanywa usiku mmoja kwa watu wenye chakula, na Mtume akasema mwenye chakula cha wawili amchukue wa tatu. Abu Bakr akawapeleka watatu nyumbani kwake, yeye akabaki kwa Mtume mpaka Isha ikaswaliwa, na akarejea kwake sehemu ya usiku ikiwa imekwenda. Mkewe akamuuliza kilichomchelewesha na wageni wake. Akauliza, hujawalisha? Akaambiwa wamekataa kula mpaka aje mwenyeji. Abu Bakr akapandwa na hasira, akaapa kwamba hatakula. Mwishowe akala, wageni wakala, na wakaona ajabu: kila tonge lililochukuliwa, chini yake kiliongezeka zaidi ya kilichochukuliwa. Asubuhi chakula hicho kilipelekwa kwa Mtume na watu wengi wakala. Hiki ni chakula kilicholiwa usiku, baada ya Isha, nyumbani kwa mbora wa masahaba, na kilichokiteremkia ni baraka. Mama yetu wa saa tatu usiku atulie.

Sasa hizo jumbe za simu. Ile inayosema mtu ale chakula cha usiku walau konzi ya tende mbovu, kwa kuwa kukiacha huleta uzee, imo katika Tirmidhi, lakini Tirmidhi mwenyewe ameitaja kuwa ni munkar, yaani hadithi inayokataliwa, na kueleza udhaifu wa mpokezi wake. Anayeisambaza kwa kutaja "Tirmidhi" pekee anaficha nusu ya habari. Ile inayosema yeyusheni chakula chenu kwa dhikri na swala wala msilale nacho mioyo yenu ikawa migumu, wanazuoni wa hadithi wameihukumu kuwa dhaifu mno, na wako walioihesabu kuwa ni ya kuzushwa. Neno la tumbo kuwa nyumba ya maradhi na kujizuia kuwa kichwa cha dawa si hadithi. Limenasibishwa na al-Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu aliyeishi zama za Mtume. Na ule usemi maarufu kwamba sisi ni watu hatuli mpaka tuwe na njaa, na tukila hatushibi, hauna sanadi (mlolongo wa wapokezi) inayotegemewa japokuwa maana yake haipingwi.

Sisemi maneno haya yatupwe. Neno la hekima linaweza kufuatwa kwa sababu ni la hekima. Ninachokataa ni kumbandika Mtume jambo asilolisema, kwa kuwa yeye mwenyewe ametahadharisha vikali kwamba mwenye kumzulia uongo kwa makusudi ajiandalie makazi yake motoni. Ujumbe wa kusambaza lishe bora hauhitaji uongo wa aina hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo Kigoma inalihitaji kuliko miji mingi ya Tanzania, nalo ni saa. Nasaha nyingi za afya zinazozunguka mitandaoni zinasema usile baada ya saa moja usiku. Aliyeziandika alikuwa na jua la kwao. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, yaani digrii moja kwa dakika 4. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 39 mashariki, Kigoma iko karibu na 30, na saa ya nchi nzima imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45. Ndiyo maana jua likishazama Dar es Salaam, huku Kigoma bado lina takriban dakika 40 kabla ya kushuka nyuma ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Hata Tabora hututangulia kwa zaidi ya dakika 10. Maghribi ya Kigoma huzunguka kati ya saa 12:55 jioni na saa 1:25 usiku kutegemea mwezi, na Isha huingia zaidi ya saa moja baadaye.

Kwa hiyo mtu wa Ujiji akishika kanuni ya saa moja usiku, siku nyingi za mwaka atakuwa anaambiwa amalize kula kabla hata jua halijazama, na aliyefunga hatakuwa na wakati wa kula kabisa. Adhana ya Dar es Salaam inayosikika redioni inaweza kuwaponza watu wa magharibi wakafuturu jua likiwa juu. Uislamu umezifunga ibada zetu na jua, kwa hiyo mpangilio wa usiku nao tuupime kwa jua. Ukila baada ya Maghribi, tuseme saa 1:30, ukaswali Isha, ukaingia kitandani saa 4, umeshapata saa mbili na nusu kati ya chakula na usingizi. Hapo dini na tiba zinakutana bila mtu kulazimisha, kwa sababu madaktari huwashauri wenye kiungulia wamalize kula saa mbili mpaka tatu kabla ya kulala.

Sababu ya ushauri huo ni rahisi kuielewa. Juu ya tumbo kuna msuli unaofunga njia ili tindikali isipande kwenye umio. Tumbo likiwa limejaa na mtu akalala chali, shinikizo huusukuma mlango huo na mvutano wa dunia hausaidii tena kukishusha chakula, ndipo kifua kinapowaka. Vyakula vyenye mafuta mengi hukaa tumboni muda mrefu zaidi. Mwanazuoni Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kwamba miongoni mwa wasia wa matabibu kwa anayetaka kuhifadhi afya yake ni kutembea baada ya chakula cha usiku japo hatua mia moja, asilale papo hapo, na kwamba matabibu Waislamu waliongeza: au aswali. Tazama uaminifu wake. Aliyataja kuwa ni maneno ya matabibu. Hakuyapachika kwa Mtume ili yapate nguvu. Mtu wa Kigoma anayekula akiwa na udhu, kisha akaenda kwa miguu kuswali Isha msikitini na kurudi, ameutekeleza wasia huo na zaidi.

Jambo ambalo maandiko sahihi yamelikazia kwa nguvu ni kiasi, na hapa ndipo ningependa jumbe za simu zielekee. Surat al-A'raf aya ya 31 inasema kuleni na kunyweni wala msifanye israfu. Na kuna hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib katika Tirmidhi, ambayo karibu kila Mwislamu ameisikia lakini wengi wameipokea nusu. Watu hukariri theluthi tatu: moja ya chakula, moja ya kinywaji, moja ya pumzi. Lakini hadithi haianzi hapo. Inaanza kwa kusema mwanadamu hakujaza chombo kibaya zaidi kuliko tumbo, yanamtosha matonge machache ya kuusimamisha mgongo wake, na ikiwa hana budi, ndipo theluthi zinapotajwa. Theluthi ni mpaka wa juu kwa aliyeshindwa na matonge machache. Sisi tumeigeuza kuwa kipimo cha kufikia, kisha tukaipita.

Je, kushiba ni haramu? Hapana. Abu Hurayra alipewa maziwa na Mtume, akaambiwa anywe, akaambiwa tena anywe, mpaka akasema naapa sioni tena njia ya kuyapitisha. Wanazuoni wameitumia hadithi hiyo kuonyesha kuwa kushiba mara mojamoja kunaruhusiwa. Kuzidisha baada ya shibe ndiko kunakochukiza, na ikithibitika kuwa kunamdhuru mtu, wengi wanakuhesabu kuwa ni haramu.

Hapa lazima niseme neno kuhusu hali zetu. Kwa vibarua wengi wa bandarini, waendesha bodaboda na akina mama wa soko la Mwanga, chakula cha usiku ndicho mlo wa kweli wa siku. Asubuhi ni chai na kipande cha muhogo, mchana ni mfukoni panavyoruhusu, na hela ya kutwa inaonekana jioni. Kumwambia mtu huyo apunguze ugali wa usiku kwa jina la sunna ni kumuonea. Tatizo lake linaanzia mchana usio na chakula, na mwili ulioachwa na njaa kutwa hauwezi kujizuia mbele ya sinia. Anachoweza kushauriwa ni kuusogeza mlo mapema kadiri anavyoweza, hata kama ni kwa kula nusu ya chakula baada ya Maghribi na nusu baada ya Isha, na kuanza na maji na mboga kabla ya kufikia ugali. Chakula cha wawili kinawatosha watatu, amesema Mtume, na sinia la pamoja linalitimiza hilo vizuri kuliko sahani ya kila mtu kivyake, kwa sababu mkono wa mwenzako hukupunguzia kasi.

Chakula chenyewe cha Kigoma hakina lawama. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo humpa mlaji protini na madini ya kuimarisha mifupa. Mawese mekundu yana viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, na wazee walioyapikia maharage hawakukosea. Kinachotudhuru ni mafuta kuelea juu ya mchuzi, chumvi ya kukausha samaki kuongezewa chumvi nyingine jikoni, soda baada ya wali, na chai ya sukari nyingi barazani kabla ya kulala. Qur'ani inaposema halali na vizuri katika Surat al-Baqara aya ya 168, kile "vizuri" kinastahili kuulizwa swali kama tunavyoiuliza halali.

Adabu za usiku wenyewe zinasomwa haraka haraka madrasa, nazo ni afya tupu. Kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia na kula kilicho mbele yako, kama alivyofundishwa Umar bin Abi Salama akiwa mtoto ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia zima. Muslim amepokea kwamba mtu akimtaja Mwenyezi Mungu anapoingia nyumbani na anapokula, shetani huwaambia wenzake hawana malazi wala chakula cha usiku. Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kuwa anayelala na mkononi mwake kuna harufu ya mafuta asiyoiosha, akapatwa na jambo, asimlaumu mtu ila nafsi yake. Sisi tunaokula migebuka na dagaa kwa mkono tunaijua harufu hiyo. Na Jabir amepokea amri ya kufunika vyombo na kufunga viriba vya maji usiku unapoingia, hata kama ni kwa kulaza kijiti juu ya chombo. Mkoa huu uliopatwa na kipindupindu mara kadhaa, kikiwemo kile kilichowakumba wakimbizi wa Burundi pale Kagunga mwaka 2015, hauna udhuru wa kuacha ndoo ya maji na kiporo cha ugali wazi mpaka asubuhi.

Wapo ambao kanuni ya jumla haiwahusu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari usiku na kuzimia akiacha kula kwa kudhani anafuata sunna. Huyo anakula kwa ratiba aliyopewa kliniki, na hilo linaingia ndani ya neno la sahaba Salman kwa mwenzake Abu Darda, ambalo Mtume alilisadikisha: nafsi yako ina haki juu yako. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mwenye vidonda vya tumbo nao wana hesabu zao. Mgonjwa hata saumu ya faradhi amepewa ruhusa ya kuiahirisha katika Surat al-Baqara aya ya 185, sembuse nasaha ya chakula cha usiku.

Wengine ni wavuvi wa dagaa. Wao huondoka mwaloni Kibirizi au Katonga jioni, kazi yao ni taa na giza, na usingizi wao ni mchana. Kumwambia mvuvi asile baada ya Isha ni kumtuma ziwani akavute nyavu na tumbo tupu. Mlo wake mkubwa uwe kabla ya kupanda mtumbwi, awe na kitu chepesi na maji usiku wa manane, na akirudi asubuhi asijaze tumbo kisha akalala papo hapo, maana kwake asubuhi ndiyo usiku. Akitaka funga za sunna, kalenda imemrahisishia. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti dagaa, mitumbwi hupumzika, na siku hizo za mwezi mpevu ndizo tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu ambazo Mtume alihimiza zifungwe. Mvuvi anakuwa nyumbani, anakula daku na watoto wake, anafuturu Maghribi kwa tende au kwa maji, na anapata siku tatu za kula chakula cha usiku mapema kama watu wengine.